Bibi Yako Anakaa Mlangoni

Rebeka,

Salamu zangu umezikataa tangu Jumanne, kwa hiyo sizirudii hapa. Hali yako pia sina haja ya kuiuliza, maana nakusikia uani unapiga pasi na kuimba, na sauti umeipandisha makusudi ili nijue kwamba huna huzuni. Nimejua. Endelea kuimba.

Naandika hapa mezani, mlango nimeufunga, jua la alasiri linanichoma mgongoni. Barua hii nitaitia ndani ya sanduku lako, juu kabisa, ili ukilifungua tu uione. Kesho lori la misheni likishakuchukua hapa Chumbageni mtakwenda hadi Pangani, na pale mtasubiri pantoni iwavushe. Hapo pantoni ndipo uisome. Usiiache mpaka ufike ng'ambo, kwa sababu ukishafika ng'ambo utakuwa umechelewa.

Habari za kuchemsha maji, za chandarua, na za kutokula samaki waliolala, mama yako amekwisha kukuambia mara tatu, nami sina la kuongeza. Ninalo jambo moja tu. Ni baya, na ni langu mwenyewe.

Jumanne tulipokuwa tukila ulitoa karatasi ya safari mliyopewa na Wazungu wa misheni, ukatusomea. Ulisoma majina ya makanisa mtakayokwenda, siku kumi na nne kila kanisa, kuwafunza watu namna ya kuwafundisha watoto. Ulipofika la kwanza ulisimama kabisa. Ukasoma: "Kanisa la kambi ya mkonge, ng'ambo ya mto. Hapajapata kuwa na mwalimu wa watoto." Kisha ukapiga makofi, ukasema, "Baba, ni kwa Bibi! Mimi ndiye nitakayekuwa wa kwanza kuwafundisha watoto wa kule!"

Niliisukuma sahani. Mchuzi ukaimwagikia karatasi yako. Nikakuita kasuku wa Wazungu, mbele ya mama yako, wewe mwenye miaka kumi na minane na cheti cha ualimu. Nawe ukanijibu, "Baba, kazi hii ulipewa wewe ukaitupa. Usinionee kijicho mimi ninayeiokota." Mama yako akasema, "Rebeka! Huyo ni baba yako," nawe ukaondoka na mlango ukaubamiza.

Adabu ulinikosea, na sijasahau. Lakini hasira yangu haikuwa ya adabu. Ile sentensi uliyoisoma naijua. Mimi ndiye niliyeitunga.

Sasa tulia usikilize.

Wewe ulikuwa na miaka mitano. Vita vilikuwa vimekwisha mwaka mmoja nyuma, nami nilikuwa karani wa shamba la mkonge kule ng'ambo. Unaikumbuka ile nyumba yetu ya bati. Karani wakati ule alikuwa mtu. Nilivaa kaptula nyeupe na soksi za kufika magotini, na manamba waliponiona walivua kofia. Watu wa kambi ile walitoka kila upande, na kila laini ya nyumba zao ilikuwa na lugha yake. Waliojua Kiingereza tulikuwa wawili tu, mimi na msimamizi mwenyewe, na msimamizi alikuwa Mzungu. Kiburi changu nilikipata hapo. Sikijutii chote, kwa maana ndicho kilichokusomesha wewe, lakini kilikuwa kikubwa kuliko kichwa changu.

Bibi yako, mama yangu, aliishi nasi. Hakusoma. Hata jina lake hakujua kuliandika, na mpaka leo hajui. Lakini kila siku baada ya saa tisa aliketi kwenye baraza ya kanisa na miyaa yake ya kusukia mikeka, na watoto wa kambi nzima wakamfuata. Kila mtoto alipewa miyaa asuke ukili wake, utepe mmoja wa mkeka. Nao wakisuka, yeye anasimulia. Akifika katikati ya hadithi hunyamaza, akamtazama mmoja, akasema, "Haya, ishike." Mtoto yule ataiendeleza mpaka akwame, kisha mwenzake aishike. Hadithi haikumalizwa na Bibi hata siku moja. Walioimaliza walikuwa watoto. Na kila mwaka, Krismasi ikikaribia, zile kili zote zilishonwa pamoja zikawa mkeka mmoja, na mkeka ule ndio waliokalia watoto kanisani. Ukili wako ulikuwa wa tatu kutoka pembeni. Ulikwenda upande kama njia ya mlevi, na Bibi alikataa kuufumua.

Hadithi alizipata kwa kusikia tu, mhubiri alipopita. Kwa hiyo alizisimulia alivyoona yeye. Yona kwake alitapikwa hapo hapo kwenye mlango wa mto Pangani. Na yule mtu mwema aliyemwokota majeruhi njiani alikuwa Mmakonde. Unajua watu wa pwani walivyowasema Wamakonde wakati ule, na watoto wao walivyochekwa kambini. Nilipomsikia siku ya kwanza niliona haya. Nikamwambia, "Mama, kitabu hakisemi hivyo. Hakuna Mmakonde ndani ya kitabu."

Hakuinua hata macho kwenye ukili wake. Akasema, "Kitabu hakimjui Mmakonde? Basi kije huku kambini, sie tutamwonyesha."

Watoto walicheka mpaka wakalala chini. Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa karani na mama yangu hakujua kusoma, na kila alipofungua mdomo niliogopa kwamba mtu atajua. Nakwambia jambo hili bila kulipamba. Nilimwonea haya mama yangu.

Ndipo wakaja wale wageni. Walikuja kwa lori kama la kesho, kwa siku kumi na nne kama zenu. Kiongozi wao alikuwa bibi mmoja wa Kizungu, mrefu, mwenye miwani. Walileta mabenchi sita, na ubao uliofunikwa kitambaa cha manyoya, na picha za kitambaa za kubandika: kondoo, mchungaji, mti, jua. Msimamizi akanipa ruhusa niwe mkalimani wao. Nilipiga soksi zangu pasi mwenyewe.

Siku ya kwanza waliwaita watoto ndani. Yule bibi akawauliza maswali, nami nikafasiri. Akauliza habari za Yona, wakamjibu. Akauliza habari za mwana mpotevu, wakaishika mmoja baada ya mwingine kama walivyozoea, mpaka mwisho. Yule bibi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akanigeukia akaniuliza kwa Kiingereza, "Nani amewafundisha watoto hawa?"

Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa peku, kanga yake ina madoa ya utomvu, miyaa imembana kwapani. Ningenyoosha kidole tu. Kunyoosha kidole hakuhitaji hata Kiingereza.

Nikasema, "Hakuna mtu. Hawajapata kuwa na mwalimu."

Niliogopa kwamba yule bibi atataka kumwona, atampa kitabu asome, na kitabu kitageuzwa juu chini mikononi mwa mama yangu mbele ya watu wote. Hiyo ndiyo sababu. Kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba nilitaka kumwepusha na aibu. Nilikuwa najiepusha mwenyewe.

Kumbe uongo wa mkalimani haukomei pale aliposimama. Yule bibi alisikitika kweli. Akawageukia watoto akasema kwa Kiingereza maneno ambayo ilinipasa kuyasema kwa Kiswahili, kwa sauti, kanisa zima lisikie: "Kwa kuwa watoto hawa hawajapata kuwa na mwalimu, tutaanza mwanzo kabisa." Niliyasema, Rebeka. Nilimtazama mama yangu wakati nayasema, kwa sababu sikupata pengine pa kutazama. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho.

Na hapa ndipo panapokuhusu wewe. Wewe uliinuka.

Nimekusikia ukiisimulia hadithi yako kanisani, na juzi juzi tena kwa hawa wageni wako wa misheni. Unasema ulipokuwa mdogo walikuja watu wa Mungu, nawe peke yako ukathubutu kusimama na kuwakaribisha, na yule bibi akakupigia makofi, akakupa kondoo wa kitambaa umbandike ubaoni, na kuanzia siku ile ukajua utakuwa mwalimu wa watoto. Kila ukiisimulia watu hufuta machozi, na mimi hutoka nje nikajifanya nina kikohozi.

Hukumkaribisha mtu yeyote. Ulisimama ukanyoosha mkono kuelekea mlangoni, ukasema, "Baba, mwalimu si Bibi? Bibi yule pale." Yule bibi akaniuliza, "Mtoto anasemaje?" Nami nikamwambia, "Anasema karibuni." Ndiyo maana alikupigia makofi. Ndiyo maana ukapewa kondoo. Kumbukumbu yako nzuri kuliko zote nimeiiba mimi, nikakupa nyingine badala yake, na umekua nayo mpaka leo.

Sasa unajua pia kwa nini kila Krismasi Bibi yako hukuletea wewe mkeka mpya, na mimi hajaniletea hata kipepeo cha kupepea moto. Mama yako alikuambia ni kwa sababu umefanana naye sura. Sivyo. Kanisani siku ile mtu mmoja tu alimtaja, naye alikuwa wewe.

Siku ya kuondoka kwao nilifanya la pili. Mkeka wa watoto ulikuwa umekunjwa pembeni, kwa kuwa sasa kulikuwa na mabenchi. Wageni walitafuta kitu cha kuzuia masanduku yao yasigongane ndani ya lori. Nikauchukua nikawapa, nikasema ni zawadi kutoka kwa watoto. Ukili wako uliokwenda upande ulikuwa mle. Bibi yako aliliona lori likiondoka nao. Akaingia ndani akatupikia.

Kabla hawajaenda walitoa cheti. Wakaniandika mimi mwalimu wa watoto, kwa kuwa ndiye niliyejua kusoma. Niliifanya kazi hiyo miezi mitatu. Kwanza watoto walizipenda zile picha. Upepo wa bahari ukivuma kondoo alianguka ubaoni, nao wakashangilia. Baadaye wakachoka. Niliwasomea kutoka kitabuni, na wao wakanyamaza wakisubiri nifike katikati niseme "ishike." Sikusema. Sikujua hata namna ya kuisema. Mtoto mmoja akaniuliza, "Karani, Mmakonde wetu yuko wapi?" Nikamtoa nje. Kuanzia hapo wakawa kumi, wakawa wanne, mwisho ukawa unakuja wewe peke yako, kwa sababu nilikushika mkono. Kisha nikapata kazi hii ya stesheni, tukahamia Tanga. Kwa hiyo uliponiambia kazi nilipewa nikaitupa, ulisema kweli, ila hukujua kwamba kabla sijaitupa niliipokonya.

Bibi yako alikataa kuja nasi mjini. Ulidhani ni kwa ajili ya minazi yake. Nenda kaangalie Jumapili. Huenda kanisani kila wiki, hakosi, hata mvua ikinyesha. Lakini haingii. Hukaa nje, hapo hapo mlangoni, akasali akarudi. Wachungaji watatu wamepita pale wakimsihi aingie. Huwaambia mgongo unamuuma, benchi hawezi.

Nami nikienda kumwona namwamkia, "Shikamoo, mama." Ananiitikia, "Marahaba, mwanangu," ananipikia, ananiuliza habari zenu. Mwaka jana nilijitahidi. Nikamwuliza, "Mama, watoto wa kambini siku hizi wanafundishwa na nani?"

Akasema, "Mie ntajuaje? Mie si mwalimu. Ulisema mwenyewe."

Alisema kwa upole kabisa, akanisogezea bakuli la wali. Nilikula.

Sasa wageni wako. Siwapendi, na sitajisingizia. Si kwa sababu ni wabaya. Yule bibi wa miwani hakuwa mbaya. Aliuliza swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa pale, ila alimwuliza mtu mwenye viatu. Angewauliza watoto, hata kwa ishara, mikono thelathini ingeelekea mlangoni. Lakini watu wanaokuja kwa siku kumi na nne hawana muda wa kuuliza mara mbili. Wanaandika walichoambiwa, wanaondoka, na walichoandika kinabaki. Miaka kumi na mitatu imepita, wale wamerudi kwao, wengine wamekuja, na uongo wangu bado umo kwenye karatasi umepigwa chapa. Nao wamekupa wewe uubebe. Wamekuchukua uwe mkalimani wao. Utasimama mahali nilipokuwa nimesimama mimi, na utapewa mstari ule ule uusome kwa Kiswahili, na Bibi yako atakuwa mlangoni anasikiliza. Safari hii atausikia kwa sauti yako.

Ndilo nililoliona Jumanne wakati mchuzi unamwagika. Ningekuambia pale pale. Badala yake nilikutukana, kwa sababu kutukana ni rahisi zaidi, na nimekuzoeza kuniona nikiwa na hasira kuliko kuniona nikiwa na makosa.

Nilifikiri kukuzuia usiende. Nilitembea mpaka Ngamiani asubuhi ya leo nikitafuta maneno ya kukuzuia, nikarudi bila kununua hata chumvi niliyotumwa. Sitakuzuia. Unaweza kuwa mwalimu mzuri kuliko wote mle ndani ya lori, na sisemi hivyo kwa kukubembeleza. Umeanza zamani. Ila unapowasimulia watu kwamba ulianza na kondoo wa kitambaa, ujue ulianza na ukili uliopinda, chini ya bibi asiyejua kusoma, na siku uliyosimama haikuwa ya kukaribisha wageni.

Utakapofasiri, tazama kwanza ni nani aliye mlangoni. Mtu akikuambia hapa hakuna mwalimu, usimwamini, hasa akiwa amevaa soksi. Waulize watoto wimbo wamejifunza kwa nani, hadithi wamezisikia wapi, na subiri. Hayo ndiyo ninayoyajua kuhusu kazi yenu. Niliyajua kwa kuyaharibu.

Nimeomba ruhusa kazini. Jumapili nitapanda basi la kwanza la Pangani, nivuke, nije kanisani. Mama yako bado hajui, nitamwambia ukishaondoka. Usimwambie Bibi kitu. Usimwandae, usimwombe anisamehe, wala usimwambie baba ana majonzi. Nimekaa na majonzi yangu miaka kumi na mitatu na hayakumrudishia hata unyasi mmoja wa ule mkeka. Akiniitikia shikamoo sawa, asiponiitikia usimkazie macho.

Mimi sitaingia ndani. Nitakaa nje, mlangoni, chini, kando yake akiniruhusu, na asiponiruhusu nitasimama juani. Wewe utakuwa mbele na wageni wako. Watakupa ile karatasi uisome. Usiisome. Waombe waulize lile swali la yule bibi wa miwani, kwa Kiingereza, nawe ulirudie kwa Kiswahili kila mtu alisikie, kwa sababu mara ya kwanza halikusemwa kwa Kiswahili hata kidogo: nani amewafundisha watoto wa hapa?

Kisha nyoosha mkono kama ulivyonyoosha, na useme kama ulivyosema. Useme na kilichotokea baada ya hapo, kwamba mkalimani alisema uongo, na kwamba mkalimani ni baba yako, na umwonyeshe, yule pale. Sema kwa lugha zote mbili. Usinihurumie, Rebeka, na usipunguze neno.

Ni mimi, Mhina, baba yako, niliyefasiri vibaya.